Hoja ya Vumbi

Pale Miyuji, Dodoma, lami inapoishia kuna benchi la mbao mbele ya kibanda cha fundi redio, na ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na benchi hilo, kuna zahanati. Ukitoka benchini na kikombe chako cha kahawa utafika getini kwa manesi kahawa ikiwa bado inaunguza ulimi, ila hakuna mwanakijiwe aliyewahi kufanya safari hiyo kwa hiari yake. Kazi yao ni kukaa na kuwapima kwa macho wanaoingia na wanaotoka. Huyu anachechemea, goti hilo. Yule kajifunga kanga shavuni, jino. Wenyewe wanajiita Bunge, maana jiji hili kila mtu lazima awe na cheo, na kama hukupewa unajipa. Lina Spika wake, lina kanuni zake, lina na hansadi, kumbukumbu ya vikao, ambayo imo kichwani mwa kila mmoja na hakuna mbili zinazofanana. Mwezi huo wa pili mvua ilikuwa imeshika kwelikweli, mitaro imefurika, benchi limeinuliwa juu ya matofali lisizame, na waheshimiwa walikaa miguu ikining'inia kama kuku kwenye kichanja, wakipuliza kahawa.

Spika alikuwa Yotham, fundi redio mwenyewe. Jina walimpa kwa ajili ya maspika mabovu yaliyorundikana kibandani kwake. Kiti cha Bunge alijikalisha tu, akakipenda. Mtu mrefu, na mwaka huu mwembamba kuliko mwaka jana, suruali kaikaza kwa mkanda alioutoboa tundu jipya kwa bisibisi ya moto.

Asubuhi hiyo alitoka nyumbani na amri. Mkewe, Raheli, alimsimamisha mlangoni, wala hakupandisha sauti.

— Leo uende zahanati, Yotham. Usipokwenda nitakuja hapo kijiweni, nikushike mkono nikuvushe barabara mbele ya wabunge wako kama mtoto wa chekechea.

Yotham alitaka kumjibu, kikohozi kikamuwahi. Alipomaliza, Raheli alishaingia jikoni, naye huko anakohoa.

— Punguza moshi huo, mama Paulina! akamwambia kwa sauti, akaondoka zake akijiona mume anayejali.

Ukweli ni kwamba alitaka kwenda. Alikuwa akiamka shuka limelowa jasho chapachapa, mbavu zinamuuma kwa kukohoa, na moyoni alikuwa na hofu ya kitoto kabisa, ile ya kufunika uso ili jinamizi lisikuone. Tatizo ni Kanuni. Kanuni ya Bunge ilisema ugonjwa wa mheshimiwa yeyote utajadiliwa benchini kwanza, na hoja ikishapita haifunguliwi tena. Na aliyeitunga nani? Si yeye! Aliitunga siku muuza kahawa alipotaka kwenda kung'oa jino asubuhi, saa ya kahawa, watu wakaona watakaa midomo mikavu. Bunge likapitisha kuwa jino litulie. Maskini akakaa nalo mpaka likaoza likadondoka lenyewe, na Bunge likajipongeza kwa kazi nzuri.

Sasa kikohozi chake kilianza mwezi wa kumi na moja, kiangazi kimekolea, upepo unapeperusha vumbi mpaka unalitafuna kwenye wali. Bunge likakaa, likachambua, likapitisha kwa kauli moja kwamba kikohozi cha Spika ni vumbi. Yeye mwenyewe ndiye aliyegonga benchi kwa bisibisi kufunga mjadala. Hivyo Yotham alikuwa amejifungia ndani na ufunguo kautupa dirishani, na leo alikuja kutafuta mtu wa kumfungulia bila kumwomba.

— Mbukwenyi, waheshimiwa! Shikamoo, Mzee Abdulwahab.

— Marahaba, Mheshimiwa Spika. Kaa, tulikuwa tunakungoja tuanze.

Mzee Abdulwahab, jina la Bungeni Mfamasia. Miaka mingi alikuwa mlinzi wa duka la dawa kule mjini, na anaamini elimu ilimwingia kwa kupitia mlango uliofungwa. Pembeni yake alikaa Matonya, dereva wa bodaboda, jina la Bungeni Bando. Huyu kila kitu amekisoma kwenye simu mpaka bando lilipokata, kwa hiyo maarifa yake yote yana mwanzo na hayana mwisho. Na mbele yao, akichutama kwenye jiko lake chini ya bati, alikuwa Mudrick, Mrangi wa Kondoa, muuza kahawa, yule mwenye jino. Wanamwita Serikali, kwa sababu birika liko mkononi mwake na bila yeye hakuna kikao.

— Leo mtavumilia, alisema Mudrick akipepea. Mkaa umelowa, hauwaki, unalia tu.

— Si nilikwambia ununue gesi? alisema Yotham, akikaa. Mimi kwangu Paulina kaleta jiko la gesi sikukuu ya Krismasi. Sufuria haijui masizi. Unawasha tik, maji yamechemka.

— Kahawa ya gesi haina akili, Mheshimiwa. Kahawa inataka isote.

— Kweli kabisa, alisema Mfamasia. Gesi inapika haraka mno, chakula kinafika tumboni bado kimeshtuka.

Yotham aliona mazungumzo yanamponyoka. Akagonga benchi.

— Waheshimiwa, kuna hoja binafsi. Yuko mtu mmoja, simtaji, anaumwa. Anauliza hivi: mtu anajuaje kwamba sasa wakati umefika wa kuvuka kwenda pale?

Akaonyesha zahanati kwa kidevu. Wote wakageuka kuitazama kama vile ilijengwa jana.

— Anaumwa nini? aliuliza Bando.

— Simtaji.

— Sijauliza nani, nimeuliza nini.

— Anakohoa kidogo.

— Kama wewe?

— Mimi ni vumbi, alisema Yotham upesi. Ile ilishapita.

— Ilishapita! wakaitikia wote, kwa nidhamu kubwa.

Mzee Abdulwahab akaweka kikombe gotini. Alipenda kuwa wa kwanza katika mambo ya tiba.

— Spika, mwambie huyo mtu wako kipimo ni ugali. Maadamu ugali unaingia, mtu huyo mzima. Mimi nimelinda dawa nusu ya maisha yangu, sijaona mtu kamaliza ugali wake halafu akaja kununua dawa.

— Hata kama anakohoa?

— Anakohoa anakula?

Yotham akawaza ugali wa jana, na wa juzi. Alikata tonge mbili, akasukuma sahani, Raheli akaubeba bila neno akawamwagia kuku. Kuku wake mwaka huu walikuwa wamenenepa vibaya sana.

— Anakula, alisema. Anajitahidi.

— Basi hana kitu.

— Taarifa, Mheshimiwa Spika! Mudrick alinyoosha juu kipepeo chake cha jiko. Mzee wangu, tena shikamoo, lakini ugali si kipimo. Kipimo ni watu. Ukiona watu wameanza kukuonea huruma, hapo kimbia. Mtu jana alikuwa anakugombeza, leo anakuja polepole, anakushika bega, anauliza umeamkaje. Ujue wameshakaa huko nyuma wakakujadili.

— Na nyumbani je?

— Nyumbani ndiyo rahisi. Mkeo siku zote anakuita baba fulani. Siku akikuita jina lako, lile alilokupa mama yako, na hajakasirika, ndugu yangu, umechelewa.

Yotham akajitia kukoroga kahawa, na kahawa yenyewe haina sukari, wala kijiko hakuna.

Wakati huohuo akapita mama jirani, yule ambaye redio yake ilikuwa kibandani tangu kiangazi na kila asubuhi lazima asimame barabarani amseme Yotham mpaka mbwa wabweke. Waheshimiwa wakajiweka sawa kusikiliza matusi ya leo. Mama akasimama, akapandisha kanga isiguse tope.

— Fundi, umeamkaje?

— Nimeamka, mama. Ile redio yako ni kesho, naapa.

— Aa, redio isikusumbue, baba. Wewe pumzika tu. Mungu yupo.

Akaondoka taratibu. Mudrick akainamia jiko lake kwa bidii isiyo ya kawaida.

— Leo ana furaha huyu, alisema Bando.

— Ni mvua, alisema Mfamasia. Mvua inalainisha watu.

Yotham akacheka kuwaunga mkono, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilimkunja, kikamkunjua, kikamkunja tena. Waheshimiwa hawakukatisha mazungumzo. Kila mmoja aliziba kikombe chake kwa kiganja, kama walivyozoea tangu kiangazi, wakisema wanakinga vumbi. Kilipokwisha, wakazibua wakanywa.

— Enhe, alisema Bando, tuseme kisayansi. Ngoja niisome. Akatoa simu, akaikunjia uso. Hii hapa. Kikohozi kisichokoma kinaweza kusababishwa na mambo yafuatayo. Moja, vumbi...

— Unaona! alisema Mfamasia.

— Mbili...

Bando akaipiga simu kwenye goti.

— Mbili nini? aliuliza Yotham. Alikuwa ameinuka kidogo kwenye benchi bila kujua.

— Bando limekata.

— Bando, mbili nini?

— Mheshimiwa, linazunguka tu. Ila moja imeshatutosha, moja ni vumbi.

Yotham akakaa. Alitamani amnyang'anye ile simu aifungue kwa bisibisi aone ile mbili imejificha wapi.

— Lakini mimi, aliendelea Bando, ambaye kukosa bando hakukuwahi kumzuia, nina nadharia yangu. Ni treni.

— Treni ipi?

— Hii ya umeme. Fikirini. Inatoka Dar es Salaam imefunga madirisha, imejaa hewa ya pwani, ya chumvi, ya majimaji. Inafika stesheni hapa, milango inafunguliwa, hewa yote inamwagika Dodoma. Kila siku! Pafu la Mgogo tangu babu na babu limezoea hewa kavu. Sasa linaletewa hewa ya samaki. Litaacha kukohoa?

— Na watu wa Dar wakifika hapa kwa nini hawakohoi?

— Wao wamekuja na hewa yao.

Hoja ilikuwa nzito. Waheshimiwa wakaitafakari.

— Hapana, alisema Mudrick, si treni. Ni hesabu. Zamani Dodoma hii tulikuwa wangapi? Sisi na mbuzi. Serikali ikahamia, si mimi, ile nyingine. Wizara zote zikaja Mtumba, na wakurugenzi wao, na madereva wao, na shemeji zao. Watu wameongezeka, hewa je, iliongezwa? Nani mlimsikia bungeni akiomba hewa? Hewa ni ileile ya enzi za mbuzi. Ndiyo maana mtu anavuta, haitoshi, anakohoa.

— Mudrick, wewe ulisoma wapi? aliuliza Mfamasia kwa heshima ya kweli.

— Kondoa, mzee wangu. Kule hewa bado ipo.

— Basi mimi nitawaambia lililo kweli, na mkitoka hapa msilitangaze. Kikohozi hakianzii kifuani. Kinaanzia mguuni.

— Mguuni!

— Mguuni. Ni baridi ya tope inapanda. Ikifika magotini unaumwa magoti, ikifika tumboni unaharisha, ikifika kifuani ndiyo unakohoa. Ikipita shingo, kwaheri. Dawa yake ni ile kapsuli ya rangi mbili. Unaifungua. Ule unga wa upande mwekundu unameza asubuhi, wa upande wa njano jioni. Watu wanameza yote pamoja, ndiyo maana hawaponi.

— Si unga ni uleule mmoja, mzee?

— Ndivyo wanavyotaka uamini.

Yotham aliwatazama mmoja mmoja. Aliwapenda watu hawa. Alipofiwa na kaka yake, ni hawa waliokuja kuchimba kaburi na kulala matangani. Na leo alitaka mmoja wao tu, yeyote, hata Bando, amwambie vuka. Akajikaza, akasogea karibu zaidi na ukweli.

— Na kama huyo mtu anatoka jasho akilala?

— Mvua hizi, alisema Mfamasia. Mwili unafyonza maji mchana, unayarudisha usiku.

— Na kama amepungua?

— Amepungua bure? alisema Bando. Kuna watu wanakimbia asubuhi na fulana zimelowa wakitafuta kupungua. Mwambie ashukuru.

— Kwa hiyo mnasema asiende!

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wakamtazama.

— Spika, alisema Mzee Abdulwahab kwa upole, na upole huo ulimtisha Yotham kupita hewa ya treni. Tatizo la pale si kwenda. Ukienda watakupima. Wakikupima watakuta.

— Watakuta nini?

— Chochote. Mwili wote huu, mkubwa hivi, watakosaje kitu? Kabla hujapimwa wewe ni mzima. Ukitoka pale una ugonjwa, una na jina lake. Nani kakupa? Wao.

— Duh, alisema Bando. Kwa hiyo magonjwa yako kulekule.

— Yako kule. Sisi tuko huku. Barabara iko katikati. Kwa nini nivuke?

Wakacheka, wakapigana viganja, Mudrick akamimina mzunguko mwingine. Yotham naye alicheka, mkono kaubana kwenye mbavu. Aliona haya, maana maneno yale ndiyo aliyokuwa akijiambia mwenyewe kitandani, neno kwa neno, na kule kitandani yalionekana ya mtu mwenye busara zake. Huku nje, mchana, yalikuwa maneno ya mlinzi wa mlango. Akajisikia mpweke katikati ya rafiki zake.

— Tuunde kamati, alipendekeza Bando. Iende pale ichungulie dirishani, bila kuingia, ilete taarifa.

— Na iwe na posho ya kahawa, alisema Mfamasia.

Hoja ya kamati ilikuwa inakaribia kupita pale mwanamke mmoja alipojitokeza upande wa lami, mwavuli mkononi, kavaa buti za mvua, kakumbatia redio iliyofungwa kwenye mfuko. Alikuwa anapima pa kukanyaga. Akapima vibaya, buti moja likazama tope mpaka kifundoni, likagoma kutoka. Bando akaruka akamshika mkono, Mudrick akavuta buti, likatoka na mlio wa kuwachekesha watoto.

— Asanteni. Shikamooni.

— Marahaba, binti, alisema Mzee Abdulwahab. Kaa hapa pakavu. Unaitwa nani?

— Hilda. Nimehamia hapo nyuma, kwenye zile nyumba mpya. Nimepata uhamisho, nimetokea Makambako. Naambiwa hapa kuna fundi redio.

— Umefika, alisema Bando. Fundi ndiye Mheshimiwa Spika, huyu hapa. Serikali, mpe mgeni kahawa.

Hilda akakaa pembeni ya benchi, akaokota kijiti, akaanza kukwangua tope kwenye buti. Tope lilikuwa jingi, linadondoka mabonge mabonge. Yotham akanyoosha mikono kuipokea redio, akafungua mdomo kusema karibu, na kikohozi kikaja.

Hiki kilikuwa kikubwa. Hilda aliacha kukwangua. Waheshimiwa wakaziba vikombe. Kikamshika Yotham mpaka machozi yakamtoka, akageukia ukuta, akaegemeza paji la uso kwenye ubao wa kibanda chake, akasubiri kimalize.

— Pole, baba, alisema Hilda. Pole sana. Ni nini hicho?

— Vumbi! wakajibu watatu kwa pamoja, kauli moja, kama siku ile ya kupitisha.

Hilda akatazama kijiti chake kilichojaa tope. Akatazama barabara, kushoto maji, kulia maji, katikati bodaboda ya Bando imesimama kwenye dimbwi kama ng'ombe mtoni. Tone likaanguka toka kwenye bati, likalia jikoni kwa Mudrick, tss. Wala hakuwa anakejeli, mtoto wa watu. Alikuwa mgeni Dodoma, akauliza kama anayeuliza njia ya kwenda sokoni.

— Vumbi lipi?

Bando akafungua simu, akakumbuka, akaifunga. Mzee Abdulwahab akatazama mbinguni kuangalia kama liko huko. Mudrick aliinua kipepeo kuomba taarifa, kipepeo kikabaki hewani, kikashuka chenyewe. Tangu Bunge lile lianzishwe hapakuwa na swali lililokosa majibu matatu, na sasa lilikosa hata moja. Wote wanne wakaitazama barabara wanayoikalia kila siku, ambayo tangu kabla ya Krismasi ilikuwa mto.

— La kiangazi, alijaribu Mfamasia. Liliingia, likabaki...

Hakumaliza. Hata yeye aliona.

Yotham akafuta macho kwa mkono wa shati. Alisikia kitu kimelegea kifuani, si kikohozi, ni lile fundo la hofu. Halikutoka, ila lilipata pa kupitia. Akagonga benchi.

— Waheshimiwa. Kuna hoja mbele yetu kwamba Spika avuke barabara.

— Kanuni! alisema Mzee Abdulwahab, kwa sauti isiyo na nguvu. Hoja ikishapita...

— Mzee wangu, kanuni ile niliitunga kwa ajili ya kahawa. Unajua, najua. Wanaoafiki waseme ndiyo.

Mzee alikuwa anatazama miguu yake. Bando alikuwa anatazama redio ya Hilda. Mudrick alipitisha ulimi mahali jino lake lilipokuwa, akauacha hapo kidogo.

— Ndiyo, alisema.

— Wasioafiki?

Maji yakapita kwenye mtaro.

— Waliosema ndiyo wameshinda, alisema Yotham. Binti, redio iache kwa Serikali, nitaitazama nikirudi.

Akampa Mudrick kikombe, akashuka benchini, akaingia kwenye tope. Kiatu kimoja kilibaki katikati ya barabara, akarudi kukichukua, waheshimiwa wakiangalia, hakuna aliyecheka. Getini alijishika kwenye nguzo apate pumzi. Safari aliyoiogopa tangu kiangazi ilikuwa imekwisha, na kahawa yake kule nyuma bila shaka bado inatoa moshi.

Barazani pa zahanati watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Katikati yao alikuwa Raheli, kaingilia mlango wa nyuma, kajitanda kitenge chake cha kanisani, na pembeni yake kaweka mkoba kushika nafasi. Akauondoa.

— Umechelewa, alisema.

— Si ulisema utakuja kunivusha?

— Nilikuwa nakuja. Nimeanza na kukushikia nafasi.

Yotham akakaa, kiatu kimoja mkononi. Akasema kuna mgeni kauliza swali kijiweni. Raheli akasema mgeni huyo Mungu ambariki, na yeye Yotham avae kiatu.

Nesi akatokea mlangoni, barakoa usoni.

— Kabla hatujaendelea, aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anyooshe mkono. Asikae kwenye foleni, aje upande huu.

Yotham akatazama kulia, akatazama kushoto, kwa mazoea tu, kuona kama kuna wa kumuunga. Halafu akanyoosha mkono. Na pembeni yake Raheli naye akanyoosha wake, juu kabisa.

Yotham akaguswa. Miaka yote ya Bunge hakuwahi kuungwa mkono namna ile.

— Asante, mama Paulina, alimnong'oneza. Sasa shusha. Wanataka mgonjwa tu.

Raheli hakushusha. Akaziba mdomo kwa pindo la kitenge, akakohoa, kikohozi kirefu, kikavu, ambacho Yotham alikijua vizuri.

— Huo si ule moshi wa jikoni? aliuliza.

Raheli akamgeukia, mkono bado uko juu.

— Moshi upi, Yotham? Tangu Krismasi tunapikia gesi.